Tozo ya kuingia mjini na gari: walioikataa wenzetu walikuwa na hoja, tuisikilize kabla haijafika Posta

Mkazi wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Foleni ya Dar ikizungumzwa humu, hazipiti komenti nyingi kabla mtu hajasema wenye magari binafsi watozwe wakitaka kuingia Posta na Kariakoo, "kama London". Anayefuata anajibu kwamba hiyo ni mbinu nyingine ya kumkamua mwananchi. Baada ya hapo ni matusi, na hoja inafia njiani. Jambo hili ni zito na siku moja litabisha hodi kwetu, kwa hiyo nimeandika kirefu. Mwenye haraka aniwie radhi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Tozo ya foleni naiunga mkono. Ninachokipinga ni tozo inayotangulia basi. Nikiangalia miji ambayo wananchi walikuja juu, karibu kote naona swali moja la maana limezikwa chini ya kelele nyingi: umenifungia barabara, mimi nipite wapi?

Waliotangulia duniani ni Singapore, 1975, kwa karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha gari. Mwaka 1998 wakahamia mitambo ya elektroniki. Huko sitakaa, kwa sababu hapakuwa na kura wala mvutano wa mtaani wa kutufundisha. Twendeni Stockholm, Sweden.

Stockholm upinzani ulianza kwa hasira ya kudanganywa. Kabla ya uchaguzi wa 2002, Annika Billström wa chama cha Social Democrats, aliyekuwa akitaka uongozi wa jiji, aliahidi kwamba tozo haitakuwepo katika kipindi hicho. Chama chake kikashinda, kikahitaji kura za chama cha Kijani, na sharti la Kijani lilikuwa tozo. Ahadi ikageuka. Fikiria ingekuwa hapa kwetu, mitaa ingekuwaje.

Kilichookoa jambo lile ni mpangilio. Agosti 2005, miezi kadhaa kabla gari lolote halijatozwa senti, waliingiza mabasi mapya 197 na kufungua njia mpya 16 za mabasi. Wakaongeza na maegesho pembezoni, mtu aache gari lake huko apande treni. Tozo yenyewe ilianza Januari 2006, nayo ilikuwa ya majaribio, na tarehe ya kuisha ilitangazwa mapema: mwisho wa Julai. Magari yaliyovuka mpaka wa katikati ya jiji yalipungua kwa karibu asilimia 20. Agosti tozo ikazimwa kama ilivyoahidiwa, na magari yakarudi barabarani. Septemba wananchi wakapiga kura huku wameonja hali zote mbili.

Asilimia 53 hivi wa jiji walisema iendelee. Hawa ni watu ambao kabla ya majaribio wengi wao walikuwa wanapinga. Billström aliondoka madarakani katika uchaguzi ule ule, na waliokuja baada yake walikuwa wa upande uliokuwa ukiipinga tozo, lakini Agosti 2007 ndio wakaifanya ya kudumu.

Sasa geukeni upande wa pili. Februari 2005 wakazi wa Edinburgh waliulizwa kama wanataka tozo ya pauni 2. Asilimia 74 wakasema hapana. Desemba 2008 ikaja zamu ya Greater Manchester. Hawa walitengewa kifurushi kinono, karibu pauni bilioni 3 za kuboresha usafiri: reli za tramu zirefushwe, mabasi yaongezwe, na sehemu kubwa ya hayo ikamilike kabla ya tozo kuanza. Kwa nini basi asilimia 79 walikataa, na halmashauri zote kumi zikawa upande mmoja?

Kwangu jibu ni hili. Wa Stockholm alipiga kura akiwa ameshalipanda lile basi. Wa Manchester alipiga kura akiwa na kipeperushi mkononi. Ahadi ya serikali kwenye karatasi, iwe ya Mwingereza au ya kwetu, mwananchi huipima kwa zile zilizotangulia ambazo hazikutimia.

Kuna jambo moja ambalo wapenda tozo hulipita haraka. Siku ile ile Stockholm ilipopiga kura, manispaa kadhaa za jirani ziliitisha kura zao wenyewe, na huko walio wengi walisema hapana. Anayeishi ndani ya mpaka anapata barabara tulivu na hewa safi. Anayeishi nje anapata bili. Huyu wa nje ndiye Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Bunju. Akilalamika msimwite mbinafsi.

Nimalizie na London maana ndiyo mnayoitaja sana, na hapa watu wanachanganya vitu viwili. Kuna tozo ya foleni, ya kuingia katikati kabisa ya jiji, iliyoanza Februari 2003 kwa pauni 5 chini ya meya Ken Livingstone. Halafu kuna ULEZ, iliyoanza 2019, inayotoza magari machafu tu, yale ya zamani. Ni pauni 12.50 kwa siku. Iliyoleta vurugu ni hii ya pili, meya Sadiq Khan alipoisambaza hadi pembezoni kote tarehe 29 Agosti 2023. Halmashauri tano, Bexley, Bromley, Harrow, Hillingdon na Surrey, zilikwenda Mahakama Kuu zikashindwa Julai 2023. Wiki moja kabla, kura za ubunge za Uxbridge, pembezoni mwa London, zilikuwa zimegeuka mjadala wa ULEZ, na chama cha meya kikakosa kiti kwa kura 495. Kamera zilikatwa nyaya, nyingine zikang'olewa usiku.

Kung'oa kamera ni uharibifu na siutetei. Ila tazameni ramani. Katikati ya London una treni ya chini ya ardhi kila baada ya dakika chache. Pembezoni reli nyingi zinaelekea mjini. Ukitaka kutoka kitongoji kimoja cha pembeni kwenda kingine cha pembeni, gari ndilo mguu wako. Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu wa katikati walimvalisha mtu wa pembeni.

Karibuni tujadili. Naomba hoja, matusi tuyaache.

---

Mtembea kwa miguu

Mkuu umeandika vizuri, lakini mimi sikubaliani na unapoweka huruma yako. Uzi mzima unamlilia mwenye gari. Hapa Dar walio wengi hatuna magari. Tunapanda daladala, tunatembea, tunadandia bodaboda shilingi zikiruhusu. Foleni ya asubuhi anaileta mtu mmoja aliyekaa peke yake kwenye gari la viti vitano, na daladala lenye watu wamebanana mpaka mlangoni linasimama nyuma yake. Nani kati ya hao wawili anamdai mwenzake?

Wanaopiga kelele ni wenye sauti. Wana magari, wana simu za wakubwa, wana marafiki kwenye magazeti. Mama anayeshuka Mnazi Mmoja na beseni lake kichwani hajawahi kuulizwa maoni kuhusu moshi anaovuta.

Na hilo la London umelitaja nusu. Hukumtaja yule mtoto, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyefariki 2013 akiwa na miaka 9, nyumbani kwao karibu na barabara ya South Circular. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Mama yake alipigana miaka kupata tamko hilo. Ukiweka pauni 12.50 upande mmoja wa mizani, upande wa pili muweke huyo mtoto.

---

Mkazi wa Mbagala

Mtembea kwa miguu, nimekusoma na hoja yako inaingia. Ella nilipaswa kumtaja, asante kwa kumleta. Na kweli kwetu mwenye gari ni wachache, kwa hiyo tozo ya gari binafsi hapa ingemgusa mwenye nacho zaidi kuliko London.

Lakini jiulize, kila zuio likitangazwa Dar huwa linaanza na nani? Linaanza na bodaboda, bajaji na daladala. Gari binafsi la mtu mmoja, lile unalolisema, linapita. Ndiyo maana nasema upinzani wa wenye kipato cha chini usikilizwe. Kwetu zuio halijawahi kuanzia juu.

---

Mama wa zamu

Kaka zangu, shikamooni walionizidi. Mimi niko London mashariki, nafanya kazi ya kutunza wazee, na wenzangu wengi wa kazi hii ni watu wa kwetu: Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo.

Nataka niwaeleze jinsi hii ULEZ inavyomkuta mtu wa zamu ya usiku, kwa sababu kwenye magazeti haielezwi hivyo. Siku yao ya tozo inahesabiwa kutoka saa sita usiku hadi saa sita usiku. Mtu wa zamu anatoka nyumbani saa mbili usiku na gari lake la dizeli la zamani, analipa 12.50 ya siku hiyo. Anarudi asubuhi, tarehe imebadilika, analipa 12.50 nyingine. Pauni 25 kwa zamu moja. Kwa mshahara wa kutunza wazee hizo ni saa mbili za kazi au zaidi, zimekwenda. Na usiku ule mabasi ni ya kuhesabu, mwanamke peke yake kituoni, baridi, halafu nyumba za wazee anazozungukia haziko kwenye njia moja.

Sipingi hewa safi. Wanangu wanasoma hapa hapa, wanavuta hewa hii hii. Na magari mengi hayaguswi kabisa: ya petroli ya kuanzia 2006 hivi yanapita, ya dizeli ni ya kuanzia mwishoni mwa 2015. Wanaolipa ni wachache, ila hao wachache ndio wenye magari waliyoweza kuyanunua.

Kuhusu kile kaka wa Mbagala anachokiita tozo kutangulia basi, hapa ilikuwa hivyo hivyo. Palikuwepo fungu la kumsaidia mtu aliondoe barabarani gari lake chakavu, hadi pauni 2,000 kwa gari. Mwanzoni walipewa wanaopokea ruzuku za serikali na watu wenye ulemavu. Aliyekuwa anafanya kazi na kubana matumizi alikuwa nje. Walifungua kwa kila mkazi wa London tarehe 21 Agosti 2023. Tozo ilianza tarehe 29. Hesabu wenyewe: siku nane kutafuta gari jingine, na wakati ule magari safi ya mtumba yalikuwa yanagombaniwa. Mabasi ya haraka ya kuzunguka pembezoni, Superloop, mzunguko wao ulikuja kukamilika 2024.

Wangeanza na fungu hilo mwaka mmoja kabla, nadhani kelele zingepungua nusu.

---

Kijana wa Umoja

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Sisi tulionjeshwa hii kitu bila kuulizwa.

Desemba 2018, Gavana Sonko alipiga marufuku matatu kuingia tao, yaani katikati ya jiji. Abiria wote washukie Muthurwa, Ngara na vituo vingine vya pembeni, kisha wajipange. Jumatatu ya kwanza ilikuwa kilio. Barabara zimejaa watu wanatembea, akina mama na watoto mgongoni, wagonjwa wa kwenda kliniki, watu wa mizigo. Walemavu hakuna aliyekuwa amewafikiria. Mabasi ya kuwatoa Muthurwa kuwaingiza katikati hayakuwepo. Na kati ya wale waliokuwa wanatembea, magari madogo yalikuwa yanapita raha mustarehe, tao iko wazi kwa ajili yao.

Agizo hilo halikumaliza wiki, likasitishwa. Madhara yake ndiyo yamebaki: ukitaja leo mpango wowote wa kupunguza magari tao, hata ule mzuri, mtu wa Eastlands anakumbuka ile Jumatatu na hataki kusikia sentensi ya pili.

Mtembea kwa miguu, nakupa pole na nakuunga mkono, mwenye gari moja ndiye anayejaza barabara. Lakini kwetu aliyefukuzwa alikuwa abiria.

---

Bodaboda wa Temeke

Naomba nami niseme, maana nyote mnatutaja.

Marufuku ya bodaboda na bajaji kuingia katikati ya jiji hatujaisikia mara moja. Kila ikija, inakuja kama tangazo: kuanzia tarehe fulani mwisho wenu hapa. Hatuoneshwi kituo kipya chenye choo, kivuli na sehemu ya abiria kushukia. Tunaoneshwa mgambo. Pikipiki inakamatwa, na pikipiki nyingi si za anayeendesha, ni za mkataba. Siku ikilala kituoni marejesho ya bosi hayalali. Kuikomboa ni faini, na kuna siku faini haina risiti.

Mnajua nani anatupanda kuingia Kariakoo? Mfanyabiashara mdogo. Ameshuka na daladala, ana furushi lake, muda wake ni mali. Basi kubwa halimfikishi mtaa wa Kongo wala Msimbazi na furushi. Ukinizuia mimi umemzuia yeye. Na bajaji kuna wenzetu wenye ulemavu wanaoendesha, hiyo ndiyo ajira yao, ukiwaambia watafute kazi nyingine uwaambie na ni ipi.

Fujo zetu nazikubali. Tunapita njia ya watembea kwa miguu, tunapita kwenye taa nyekundu, tunaegesha popote. Hizo zina sheria zake, zisimamiwe. Kunifuta kabisa ni jambo jingine.

---

Mhasibu mstaafu

Nimesoma kote, nikaona hakuna aliyeuliza pesa inakwenda wapi. Kwa maoni yangu hapo ndipo upinzani wa Kitanzania utakapoanzia, hata kabla ya basi.

Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ikahamishia mzigo kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Wengi walishangilia. Maana yake ni kwamba tangu wakati huo kila anayejaza mafuta analipia barabara, awe kwenye foleni ya Mwenge au peke yake kule Ruangwa. Na tozo nyingine ziko humo humo kwenye lita. Majirani zetu Kenya nao Julai 2024 walipandisha ushuru wao wa kutunza barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Ukimwambia huyu mtu alipe tena kuingia Posta, atakuuliza ile ya kwenye mafuta ilifanya nini. Utamjibu nini?

Mfuko wa pamoja ukishameza, haurudishi hesabu kwa aliyetoa.

---

Mkazi wa Mbagala

Mzee wangu, shikamoo. Umegonga penyewe.

Kwenye hili London ya 2003 walifanya jambo ambalo ningependa tuige neno kwa neno. Sheria ya 1999 iliyoanzisha mamlaka ya jiji lao ilisema mapato ya tozo yatumike kwenye usafiri wa jiji. Haikuwa kauli ya meya jukwaani, ilikuwa kifungu cha sheria. Na siku tozo inaanza waliongeza mabasi 300. Kulikuwa na waliopinga, halmashauri ya Westminster ilikwenda mahakamani, wakazi wa Kennington wakaungana nayo kwa sababu walikuwa ukingoni mwa mpaka na waliogopa magari yatawamiminikia wao. Walishindwa kesi, lakini mabasi yaliwajibu wengi waliobaki.

Linganisha na Gothenburg, Sweden ile ile. Tozo ilianza Januari 2013, na sehemu kubwa ya hamu ya viongozi ilikuwa kupata fedha za miradi mikubwa, ukiwemo uchimbaji wa reli ya chini ya ardhi ambayo ingechukua miaka mingi. Yaani mtu analipa leo, treni ataiona akizeeka. Septemba 2014 wakapiga kura, asilimia 57 wakasema ifutwe. Haikufutwa, maana kura ile ilikuwa ya ushauri tu. Hii mimi naiona mbaya kuliko kutouliza kabisa. Ukimuuliza mtu kisha ukapuuza jibu lake, umemfundisha kwamba njia ya kura haina maana, na siku nyingine atatafuta njia nyingine.

Bodaboda wa Temeke, hoja yako ya marejesho sijawahi kuiona kwenye ripoti yoyote ya mipango miji. Naomba wenye nafasi ya kuiingiza waiingize. Anayepanga zuio anahesabu pikipiki, hahesabu mkataba ulio nyuma ya pikipiki.

---

Msomaji wa Magomeni

Na New York? Nasikia hata Trump aliingia kati.

---

Mkazi wa Mbagala

New York ni somo la namna ya kuchelewa. Meya Bloomberg alijaribu 2008, ikafia kwa wabunge wa jimbo kule Albany. Ikapitishwa kwenye sheria ya jimbo 2019. New Jersey wakashtaki 2023, maana watu wao ndio wanaovuka mto kwenda kazini Manhattan. Chama cha walimu cha New York nacho kikashtaki, pamoja na kiongozi wa Staten Island, mahali ambapo treni ya chini ya ardhi haifiki. Mnaona? Mtu wa ukingoni tena. Juni 2024, wiki chache kabla ya kuanza, kamera zimeshafungwa, Gavana Kathy Hochul akaisimamisha. Novemba akairudisha kwa bei ndogo, dola 9 badala ya 15 kwa gari dogo, na ikaanza tarehe 5 Januari 2025 kwa eneo la chini ya mtaa wa 60. Februari serikali ya Trump ikatangaza kuifuta, jimbo likakimbilia mahakamani, na Mei jaji akaizuia serikali kuu isiiadhibu New York wakati kesi inaendelea. Tozo ikabaki.

Kuna kipengele kimoja kizuri pale. Mwenye kipato cha chini, dola 50,000 au chini ya hapo kwa mwaka, anapata punguzo la nusu baada ya safari kumi za kwanza ndani ya mwezi. Ningeuliza tu kwa nini zile kumi alipe kamili.

---

Mpenda faragha

Ongezeni na kamera. Hong Kong walifanya majaribio ya tozo ya kielektroniki kati ya 1983 na 1985, mitambo ikafanya kazi vizuri, lakini mpango ukakataliwa, na moja ya sababu kubwa ilikuwa hofu kwamba serikali itajua kila gari limepita wapi na saa ngapi. Wakati ule wanajua mji unaelekea kurudi China. Kamera ya kusoma namba za gari inakumbuka. Kabla ya kuifunga Posta niambieni taarifa zinakaa siku ngapi na nani ana ufunguo.

---

Mtembea kwa miguu

Narudi. Mama wa zamu na Bodaboda wa Temeke mmenifikirisha, hasa hiyo saa sita ya usiku. Ila nabaki na langu: kila mara tukisema "basi kwanza", tunawapa wakubwa sababu ya kutofanya chochote. Basi haliji kwa sababu barabara imejaa magari, tozo haiji kwa sababu basi halijaja, na mimi naendelea kutembea pembeni ya mtaro. Miaka inakwenda. Stockholm walikuwa na fedha za kununua mabasi 197 kabla ya kukusanya. Sisi tutazitoa wapi?

---

Mkazi wa Mbagala

Swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, na silikwepi.

Kuna kinachowezekana bila mabasi mapya mia mbili: barabara. Njia moja ya kila upande wa barabara kuu ikiachiwa daladala asubuhi na jioni, kwa rangi, koni na trafiki wa kuisimamia, basi lililopo linapiga safari nyingi zaidi kwa siku. Njia za mwendokasi zilizoanza kazi 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni zilituonesha kwamba gari kubwa likiwa na njia yake, linafika. Matatizo ya huduma ile tunayajua na yameandikwa sana, ila njia yenyewe haikukosea. Mwenye gari binafsi akiona daladala linampita kila asubuhi akiwa amesimama, siku ukimletea tozo atakuwa ameshaona pa kukimbilia.

Halafu majaribio yawe na tarehe ya kuisha. Miezi saba, kama Stockholm, kisha izimwe, watu waulizwe, na jibu liheshimiwe. Na wa Chanika naye apige kura, isiwe ya wa Upanga peke yake.

---

Wa Kigamboni

Mimi nauliza la upande wetu. Sisi kuingia mjini tuna pantoni pale Magogoni, tuna Daraja la Nyerere ambalo tangu 2016 tunalipia, na tuna kuzunguka Kongowe. Daraja lilipopunguzwa bei 2022 ilikuwa ni baada ya kelele za miaka. Wakiweka na tozo ya Posta, mtu wa Kigamboni analipa daraja, anafika upande wa pili analipa tena. Huko nje wanawafanyaje watu wa aina yetu?

---

Mkazi wa Mbagala

Ndugu yangu, mfano upo na unafanana nanyi sana. Stockholm kuna kisiwa kinaitwa Lidingö. Barabara yao ya kutoka kisiwani kwenda sehemu yoyote ya nchi ilikuwa inapita ndani ya eneo la tozo. Wakalalamika mapema, wakasikilizwa kabla ya kuanza: gari la Lidingö likiingia kwenye eneo na kutoka upande wa pili ndani ya dakika 30, halitozwi. Anayekwenda kufanya shughuli zake katikati analipa kama wengine, anayepita tu anapita. Kamera zile zile za kutoza ndizo zilizotumika kusamehe.

Kwenu hilo lingeandikwa hivi: aliyelipa darajani, risiti yake ihesabiwe Posta. Kama kwenye mtaa wenu kuna mkutano wa serikali ya mtaa karibuni, lipelekeni kwa maandishi, lisainiwe, na nakala apewe diwani. Ukipata muhtasari wa kikao, uweke humu.

---

Wa Kigamboni

Mkutano upo Jumamosi. Nitaliandika leo, na nitamwomba Bodaboda wa Temeke anitumie lile la marejesho niliweke humo humo, maana hata kwetu vijana wa kituoni wana mikataba hiyo hiyo.